Mwami Rudahigwa alikufa na nini? Somo juu ya sindano

Mama wapenzi, wengi wenu mumesikia wazee wakibishana juu ya kifo cha Mwami Mutara Rudahigwa wa Rwanda. Tarehe 25 Julai 1959 alikuwa Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura. Alienda kumwona munganga Mbelgiji, akachomwa sindano. Alipokuwa anatoka, akaanguka, akafa. Hakuwa mzee: alikuwa na miaka 48 tu.

Wanganga walisema mshipa wa damu ulipasuka ndani ya ubongo. Maelezo mengine ya wakubwa yalisema mwili wake ulikataa penisilini. Raia wengi walisema: hapana, ni sumu. Mama yake, Kankazi, alikataa mwili upasuliwe, basi mabishano hayajaisha mpaka leo.

Sisi hatutakata shauri hilo. Lakini tutazame neno la pili, maana linaweza kufika hata kwako.

Mshipa wa ubongo hupasuka zaidi kwa mtu ambaye damu yake inapanda, hata bila sindano. Penisilini ni kitu kingine. Ni dawa nzuri sana, imeponya watoto wengi wa nimonia. Lakini kuna watu wachache ambao mwili wao unaiona kama adui. Dakika chache tu baada ya sindano ngozi inawasha na kutoka mabaka, midomo na macho vinavimba, pumzi inakuwa ngumu, damu inashuka, mtu anaanguka. Hakuna aliyemroga, wala hakuna sumu katika chupa. Dawa yake ni adrenalini, inachomwa upesi kwenye paja. Ndiyo maana tunakataza kuchomwa sindano nyumbani, kwa mtu asiye na adrenalini karibu.

Basi ukichomwa, wewe ao mtoto, kaa kwenye benchi nusu saa. Tunajua soko linakungoja na mvua inakuja, kaa tu.

Na kama mtoto alishawahi kuvimba ao kutoka mabaka baada ya dawa, sema mbele ya sindano, usiogope kwamba infirmye atakasirika. (Kuharisha kidogo si alama hiyo.) Aandike jina la dawa kwenye fishi kwa bik nyekundu. Fishi hiyo uionyeshe hata kwenye farmasi, maana amoksisilini, ile dawa ya maji munayonunulia watoto, ni ya ukoo mmoja na penisilini.