SOMO: Hadithi za Bibi na Kusoma Kiingereza

Masomo: Nehemia 8:1-8, Waamuzi 9:7-15



Wengi wetu tulitoka Kongo, ambako watoto wetu walifundishwa kwa Kifaransa. Hapa Uganda, kuanzia darasa la nne, masomo ni kwa Kiingereza. Basi mtoto aliyefika darasa la tano kule kwetu hujikuta ameketi pamoja na wadogo zake. Anaona haya, ananyamaza, na mwisho anaacha shule. Akili anayo. Lugha ndiyo iliyomfungia mlango.

Katika kundi letu la kusoma la Jumamosi tumejifunza jambo moja: mtoto husoma upesi habari anayoijua tayari. Kitabu cha theluji kinampa kazi mbili, kuyajua maneno na kuielewa habari yenyewe. Hadithi ya bibi yake inamwachia kazi moja tu.

Je, hadithi za Sungura zinafaa kwa Wakristo?

Wazazi wengine wametuuliza hivyo. Tusome Waamuzi 9. Yothamu alisimama juu ya mlima Gerizimu akawasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyotafuta mfalme. Bwana wetu naye alifundisha kwa mifano ya mpanzi na kondoo aliyepotea. Hata mwaka 1870, mmisionari Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha London hadithi za Zanzibar kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tupime mafundisho ya kila hadithi kwa Neno la Mungu, tuyashike yaliyo mema.

Namna ya kufundisha

Tuchukue hadithi ya kisima. Wakati wa ukame wanyama walichimba kisima, Sungura akakataa kufanya kazi. Kila usiku aliwadanganya walinzi kwa asali, akanywa maji. Mwishowe Kobe alijipaka ulimbo mgongoni, akajificha majini, na Sungura akanaswa.

1. Bibi au babu asimulie kwa lugha ya nyumbani. Watoto waitikie na kucheka.
2. Watoto waigize. Mmoja awe Fisi, mwingine Tembo, mwingine Simba.
3. Mwalimu aandike ubaoni sentensi fupi tatu: "Hyena guards the well. Hare brings honey. Hare drinks the water."
4. Wasome pamoja, mwalimu akionyesha kila neno kwa kidole.
5. Afute Fisi, aandike Tembo, kisha Simba. Sentensi ni zilezile, jina moja tu limebadilika. Hapo hata mwenye haya husoma.
6. Kila mtoto anakili, apeleke nyumbani, amsomee bibi kwa Kiingereza, kisha amweleze kwa lugha yao.

Tuwe wavumilivu. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, lakini Kiingereza sivyo. Mtoto akikuta "one" atasoma "o-ne" kwa haki kabisa. Akikuta "table" atasoma kwa Kifaransa, maana herufi ni zilezile. Tena sisi husema "alikunywa" kwa mume na mke, lakini Kiingereza hutaka "he" au "she". Tumsahihishe bila kumcheka.

Tulichokiona

Binti mmoja wa miaka 12 alikaa nasi wiki nyingi bila kufungua kinywa. Siku ya hadithi ya kisima alisoma sentensi zote tatu, akageuka akamfasiria bibi yake. Bibi akasema, "Kumbe hadithi yangu imeingia shuleni!" Tangu siku hiyo bibi huja kila Jumamosi. Mtoto amepata lugha mpya bila kumpoteza bibi.

Katika Nehemia 8 watu waliorudi kutoka uhamishoni walisomewa Sheria, na Walawi wakawafafanulia hata wakaelewa. Kusoma peke yake hakukutosha. Na sisi tuwafanyie watoto wetu vivyo hivyo.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni hadithi gani uliyosimuliwa utotoni ambayo watoto wako hawajaisikia?
2. Sungura alikunywa maji ambayo hakuyachimba. Hapa kambini, kwenye foleni ya bomba, hadithi hii inatuambia nini?
3. Nani nyumbani kwako ameacha kusoma kwa sababu ya haya?

Jumamosi ijayo kila familia ilete hadithi moja na mzee wa kuisimulia. Mungu awabariki.