Karabai: Taa Isiyohitaji Nyaya

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba kitu hakiwezi kuwaka bila hewa na joto la kutosha. Leo tutaichunguza taa moja ambayo pengine umeiona ikining'inia ghalani, imejaa kutu na vumbi. Jina lake ni karabai. Watoto wengi wa siku hizi hawajaiona ikiwaka, lakini babu na bibi zao wanaikumbuka vizuri, hata sauti yake.

Tuanze na usiku wa zamani huko Kiuyu, katika kisiwa cha Pemba. Kiuyu si kijiji kimoja. Iko Kiuyu Minungwini, iko Kiuyu Kigongoni, na iko Kiuyu Mbuyuni katika wilaya ya Micheweni, mahali ambapo bahari haiko mbali. Pemba iko karibu na ikweta, kwa hiyo usiku wake huchukua karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Jua likishazama, giza huingia upesi. Zamani, baada ya sala ya magharibi, mwanga wa nyumbani ulikuwa wa moto wa jikoni na wa kibatari.

Kibatari ni kopo dogo lenye mafuta ya taa na utambi wa pamba. Mafuta hupanda katika utambi na kuwaka nchani. Mwanga wake ni wa manjano, nao ni hafifu. Mtu akitaka kusoma, humbidi ainame karibu na moto, na asubuhi hukuta pua yake imejaa weusi. Weusi huo unatoka wapi?

Jaribio la kwanza

Fanyeni jaribio hili pamoja na mwalimu wenu. Washeni kibatari au mshumaa. Mwalimu ashike kijiko cha chuma chenye mpini wa mti, akiweke juu ya ncha ya moto kwa muda mfupi, kisha akiondoe. Mnaona nini chini ya kijiko?

Mtaona masizi. Masizi ni chembechembe za kaboni ambazo hazikuungua zote kwa sababu hewa haikutosha. Chembechembe hizo zinapopata joto ndani ya moto hung'aa, na mng'ao wao ndio mwanga wa manjano tunaouona. Basi kibatari hutupa mwanga kwa sababu mafuta yake hayaungui vizuri! Mafuta yakichanganyika na hewa ya kutosha, moto hugeuka kuwa wa buluu. Moto wa buluu una joto kali, lakini hauangazi sana. Huo hufaa kwa kupikia, kama ule wa jiko la stovu.

Hilo ndilo lililokuwa tatizo kwa mafundi waliotaka taa bora. Wangepataje moto usio na moshi ambao pia unaangaza?

Sehemu ya kwanza ya jawabu ilipatikana mwaka 1885. Mtaalamu wa Austria, Carl Auer von Welsbach, alitengeneza kifuko cha nyuzi kilicholowekwa katika maji ya chumvi za madini. Baadaye alitambua kwamba mchanganyiko mzuri ni wa thoriamu nyingi sana na siriamu kidogo tu, kiasi cha sehemu moja katika mia. Kifuko hicho kikichomwa mara ya kwanza, nyuzi huteketea na kubaki wavu wa majivu magumu. Wavu huo ukiwekwa katika moto wa buluu, hauungui tena, bali hung'aa kwa mwanga mweupe mkali.

Lakini taa za kwanza za aina hiyo zilitumia gesi iliyopitishwa katika mabomba ya mijini. Mtu wa shamba, asiye na bomba wala waya, hakufaidika. Mwaka 1910 Max Graetz, fundi wa Berlin katika Ujerumani, alitengeneza taa iliyogeuza mafuta ya taa yenyewe kuwa gesi ndani ya taa. Taa hiyo iliuzwa kwa jina la Petromax. Taa kubwa za aina hiyo ziliandikwa kuwa na nguvu ya mishumaa 500. Huku kwetu taa za namna hiyo zikaitwa karabai.

Jaribio la pili

Ili kuelewa kazi ya pampu ya karabai, tafuta chupa, bua refu la jani la papai, na udongo wa mfinyanzi. Jaza maji nusu ya chupa. Ingiza bua mpaka karibu na kitako cha chupa, kisha ziba mdomo wa chupa kwa udongo pande zote za bua, hewa isipate pa kutokea. Puliza kwa nguvu katika bua. Sasa ondoa kinywa chako haraka, na uso uuweke kando.

Maji yataruka juu kupitia katika bua. Hewa uliyoipuliza ilibanwa juu ya maji, nayo ikayasukuma ili ipate nafasi. Nguvu hiyo ya kusukuma inaitwa mgandamizo wa hewa.

Sasa mtazame mvuvi mzee anapowasha karabai yake. Kwanza humimina spiriti kidogo katika kikombe kidogo kilicho chini ya bomba jembamba, akaiwasha. Hangoji bure, maana analipasha moto bomba lile. Kisha anapiga pampu. Hewa hubanwa katika tangi na kuyasukuma mafuta juu kama yale maji ya chupa yako. Mafuta yanapopita katika bomba la moto hugeuka mvuke. Mvuke hutoka kwa kasi katika tundu lililo dogo kuliko tundu la sindano, hukokota hewa, huchanganyika nayo, na kuwaka ndani ya kifuko. Kifuko huanza kuwa chekundu, halafu cheupe, na karabai huanza kuvuma: shshshsh! Ikiwa bomba halijapata joto la kutosha, mafuta hutoka yakiwa maji, na moto mkubwa wa manjano huruka juu. Asiye na subira huunguza nyusi zake.

Taa hii ilibadili mambo mengi. Karamu ya harusi iliweza kuendelea usiku kwa karabai moja tu iliyotundikwa mtini, na watu wakatambuana kwa sura badala ya sauti. Dukani mteja aliweza kuona mizani. Wakati wa mavuno, karafuu zilizochumwa mchana huchambuliwa jioni, vichwa vikatengwa na makonyo. Kazi hiyo hutaka macho, na watu wengi waliweza kuizunguka taa moja.

Mabadiliko makubwa yalikuwa baharini. Karabai ikiwekwa chomboni usiku wa giza, mwanga huingia katika maji. Viumbe vidogo vya baharini hukusanyika, na dagaa huvifuata. Wavuvi huzungusha wavu taratibu na kuwavuta. Usiku wa mbalamwezi kazi hii haifai, kwa sababu bahari yote ina mwanga na dagaa hutawanyika. Ndiyo sababu wavuvi wa dagaa huhesabu siku kwa mwezi. Dagaa hao huchemshwa katika maji ya chumvi, huanikwa juani, na husafirishwa mbali, hata Kongo.

Karabai ina hatari zake. Kamwe usitie petroli mahali pa mafuta ya taa, maana petroli hugeuka mvuke upesi na taa inaweza kulipuka. Usiongeze mafuta taa ikiwa inawaka. Usiiwashe katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa moto hula hewa na unaweza kutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Vifuko vya zamani vina thoriamu, ambayo hutoa mionzi kidogo. Kifuko kikivunjika, usiyapulize majivu yake wala usiyavute puani.

Umeme nao ulifika Pemba, lakini kwa miaka mingi ulitoka katika mashine za dizeli, na vijiji vingi havikuupata. Mwaka 2010 waya uliolazwa chini ya bahari uliunganisha Pemba na umeme wa bara kutoka Tanga. Unguja ilikuwa imetangulia kupata waya wake mwaka 1980. Waya huo ulipoharibika mwezi wa Disemba 2009, kisiwa cha Unguja kilikaa bila umeme huo kwa karibu miezi mitatu, na taa za mafuta zikafutwa vumbi. Siku hizi wavuvi wengi hutumia taa za betri, ambazo hazina pampu wala kifuko. Dagaa huzifuata vilevile.

Mazoezi

1. Kwa nini moto wa kibatari huangaza kuliko moto wa buluu wa stovu?
2. Katika jaribio la pili, nini kingetokea kama udongo ungekuwa na ufa? Jaribu uone.
3. Eleza kwa nini spiriti huwashwa kabla ya kupiga pampu.
4. Muulize mzee wa kijijini kwenu: karabai ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya nani, na iliwashwa kwa shughuli gani? Andika majibu yake katika daftari lako.
5. Tazama mwezi kwa usiku kumi na nne mfululizo. Andika ni usiku upi ambao wavuvi wa dagaa wangebaki nyumbani.