Mashua Ndogo Mbele ya Rada ya Meli

Mtu asimamaye juu ya vilima vya Ngong jua likipanda, akiitazama nchi ya Kimuka katika Kaunti ya Kajiado, huweza kuona paa la mabati likimeremeta ghafula kutoka mbali sana, hali nyumba ya Kimasai iliyosiribwa kwa samadi, ingawa i karibu zaidi, haimtokei machoni. Jua likisogea kidogo mmeremeto hutoweka, na paa liko pale pale. Wavuvi wa pwani hupatwa na jambo kama hilo usiku, na kwao ni jambo la kufa na kupona.

Meli kubwa hutazama njia yake kwa rada, yaani chombo kinachotupa mawimbi ya redio na kupokea mwangwi wake. Chuma huyarudisha mawimbi hayo vizuri. Mbao huyarudisha kidogo mno, na mwangwi wa ngalawa hupotea katikati ya mwangwi wa bahari iliyochafuka. Kanuni za mataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, za mwaka 1972, zawaonya manahodha kwamba rada huenda isionyeshe vyombo vidogo mapema. Lakini onyo halisimamishi meli iliyosheheni shehena. Na tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa mwezi wa Mei 2021, meli za namna hiyo huingia katika maji ya wavuvi.

Wako wanaodhani kwamba kipande cha bati kilichopigiliwa ubavuni chatosha. Hakitoshi hata kidogo, kwa kuwa bati tambarare ni kama lile paa la Kimuka: humulika upande mmoja tu, na mashua haiachi kuyumba. Kinachofaa ni pembe. Mabati matatu ya alumini yakikutana kama kuta mbili na sakafu zinavyokutana katika pembe ya chumba, wimbi liingialo humo hugonga bati moja baada ya jingine, kisha hurudi kule kule lilikotoka. Yakipachikwa kwa kukatana katikati hupatikana pembe nane, zitazamazo pande zote. Mwundaji na awe mwangalifu, maana pembe ikipotoka nyuzi chache tu, mwangwi hupungua sana. Ukubwa nao una faida ya ajabu: urefu wa kila bati ukizidishwa mara mbili, nguvu ya mwangwi huzidi mara 16.

Hupandishwa mlingotini kwa henza, mita 4 au zaidi juu ya maji, pembe moja ikielekea juu kama bakuli la kukingia mvua. Taa haiachwi kwa sababu hiyo.

Kayaki za watalii hazina mlingoti. Kipigo kidogo cha bati juu ya ufito husaidia kwa karibu tu, na mwenye kayaki hana budi kukaa nje ya mlango wa meli.