Kwa Nini Paipu Hupasuka Bondeni?

Vikundi vingi vya huku Kericho na Bomet vimechanga pesa, vikajenga chemchemi vizuri na kulaza paipu hadi manyumbani. Halafu maji yakifunguliwa, paipu inapasuka kule bondeni. Watu wanamlaumu fundi, wanamlaumu mwenye duka, na mwisho wanaanza kumwangalia mweka hazina kwa jicho baya. Mara nyingi shida ni kwamba hakuna aliyepima kimo.

Chukueni mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Toboeni matundu matatu kwa msumari: moja juu, moja katikati, moja karibu na chini. Uwekeni ukingoni mwa meza, mjaze maji. Tundu la juu litadondosha maji hapo karibu, lakini la chini litayarusha mbali. Ni kwa sababu yale ya chini yamebeba uzito wa maji yote yaliyo juu yake.

Basi kila mita 10 za kuteremka huongeza msukumo wa karibu kilo 1 juu ya kila sentimita moja ya mraba, yaani kama ukucha wa kidole. Mafundi huuita baa 1. Wingi wa maji haubadilishi kitu. Tangi la lita 1,000 na la lita 10,000, kama maji yamesimama kimo kimoja, yanasukuma sawasawa. Jambo hili wazee wengi hukataa kuliamini mpaka waone.

Tuseme chemchemi yenu iko mita 80 juu ya mto, na paipu inavuka bonde kwenda nyumba za ng'ambo. Pale mtoni kuna baa 8. Paipu iliyoandikwa PN 6 imetengenezwa kwa baa 6 tu. Itaweza kuvumilia mchana watu wakichota, kisha ipasuke usiku mifereji yote ikiwa imefungwa, maana maji yaliyosimama ndiyo husukuma zaidi. Hapo bondeni nunueni PN 10, hata kama ni ghali. Sehemu za juu zinaweza kubaki PN 6. Njia nyingine ni kujenga tangi dogo katikati ya mteremko, maji yamwagike humo penye hewa, na msukumo uanze upya. Lakini angalieni: tangi hilo likiwa chini kuliko nyumba za ng'ambo, wenzenu wa kule hawatapata hata tone, na walichanga kama nyinyi.

Nguvu hiyo hiyo inayopasua paipu ikitumiwa vizuri inawasha taa. Maporomoko ya mto Nyangores pale Tenwek yalianza kuipa hospitali umeme mwaka 1987.

Sasa kuhusu pampu. Watu husema pampu inavuta maji. Kwa kweli inaondoa hewa ndani ya paipu tu, na hewa ya nje ndiyo inayasukuma maji yapande. Mwaka 1648 Mfaransa Blaise Pascal alimtuma shemeji yake apande mlima na bomba la zebaki, na zebaki ikashuka kadiri alivyopanda. Juu, hewa ni nyepesi. Kule Mombasa hewa inaweza kuinua maji karibu mita 10. Huku kwetu, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ni kama mita 8, na kwa kazi ya kila siku msitegemee zaidi ya 5 au 6. (Ndiyo maana maji yetu huchemka kwa nyuzi 93 hivi, na maharagwe yanakula kuni.) Kwa hiyo msiweke pampu juu shambani. Iwe karibu na mto, lakini mahali mafuriko hayafiki, isukume maji kwenda juu.

Kabla ya kununua chochote, pimeni. Tafuteni paipu nyembamba ya plastiki inayoonyesha ndani, ya mita 15, muijaze maji bila povu. Maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja daima. Mmoja ashike ncha ya juu, maji yakiwa sawa na ardhi. Mwingine ateremke na fimbo ya mita 2, asimamishe ncha yake kwenye fimbo na kusoma maji yako kiasi gani kutoka ardhini. Wa tatu aandike kwenye daftari, kisha msogee mpaka mtoni na mjumlishe.