Kiwanda-Darasa: Funzo la Sandali za Kariokor

Katika Soko la Kariokor, kijana hujifunza kushona sandali za ngozi akiketi kando ya fundi. Ana oda halisi mbele yake, jambo ambalo karakana nyingi za vyuo hazina. Kinachosahaulika mara nyingi ni kupima.

Kiwanda-darasa huunganisha yote mawili. Darmstadt, Ujerumani, kimekuwepo tangu 2007: wanafunzi huunda silinda za hewa, hupima muda, kisha hupanga upya kazi. Kwa sandali ni vivyo hivyo. Mmoja hukata, mwingine hubandika soli, wa tatu hushika saa na kupima mabaki. Ngozi inayotupwa ni faida ya fundi. Soli zikirundikana, meza husogezwa.

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijiji. Cherehani, mizani na saa vyatosha kuanzia.