Siku ya Tatu Isiyofika: Mgeni, Mwenyeji na Jembe katika Safari za Mabadilishano ya Kitaaluma

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hufunzwa shuleni kama onyo dhidi ya uvivu, na wengi wetu tuliiandikia insha katika shule ya upili bila kuitafakari zaidi. Makala haya yananuia kuisoma upya kwa kuihusisha na safari za mabadilishano ya kitaaluma, ambapo mtaalamu kijana husafiri ng'ambo na kukaa katika nyumba za wenyeji badala ya hoteli. Swali linaloongoza mjadala ni hili: mgeni ambaye haikawii siku akahamishwa nyumba nyingine, jembe lake atalipata wapi?

Chimbuko la safari hizi

Desturi ya kumweka msafiri katika familia kwa nia ya kujifunza ina historia ndefu. Shirika la Experiment in International Living, lililoasisiwa na Donald Watt nchini Marekani mwaka 1932, liliwapeleka vijana kuishi na familia za nchi nyingine kwa imani kwamba watu hufahamiana mezani kuliko mkutanini. Kwa upande wa wataalamu, mfano ulioenea zaidi ni mpango wa Rotary Foundation ulioitwa Group Study Exchange, ulioanza mwaka 1965 na kukoma mwaka 2013. Kikundi cha kawaida kilikuwa na wataalamu wanne wa umri wa miaka 25 hadi 40, wasio wanachama wa Rotary, wakiongozwa na mwanachama mmoja. Walisafiri kwa wiki nne hadi sita, wakazuru sehemu za kazi zilizohusiana na taaluma zao, wakazungumza kuhusu nchi yao mbele ya wenyeji, na kulala katika nyumba za familia kadhaa, mji baada ya mji. Mpango huo ulipokoma, safari za namna hii hazikukoma. Zinaendelea chini ya vyama, vyuo na mashirika mbalimbali.

Mgeni katika jicho la Mswahili

Katika fasihi simulizi yetu, ugeni una kalenda. Upo wimbo maarufu unaomfuata mgeni siku baada ya siku: mwanzoni hukirimiwa kwa vyakula vizuri, kisha ukarimu hupungua, hadi siku ya kumi anapotimuliwa. Methali na wimbo huo, japo hutofautiana kwa ukali, hukubaliana katika jambo moja: heshima ya siku za mwanzo ni ya muda tu. Aidha, jembe si adhabu. Anayepewa jembe ameonyeshwa shamba, ameaminiwa. Huanza kujua mpaka uko wapi, nani hulima na nani, na kwa nini upande fulani huachwa bila kulimwa. Kwa maneno mengine, jembe ndilo humtoa mgeni ukumbini na kumwingiza katika maisha ya nyumba.

Hapa ndipo tatizo la safari za mabadilishano linapojitokeza. Mgeni anayehamishwa kila baada ya siku chache huishi katika siku ya kwanza na ya pili daima. Kila nyumba humpa kitanda kizuri na chakula cha sherehe. Hurudi nyumbani na picha nyingi na maarifa machache.

Mfano wa mwalimu

Mwalimu mmoja aliyenifunza Kiswahili katika shule ya upili aliwahi kujiunga na safari ya aina hii nchini Marekani. Katika nyumba ya kwanza alikaribishwa chakula cha jioni, naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akajibu kwamba ameshiba. Alitarajia kusihiwa mara ya pili na ya tatu. Mwenyeji alimwamini, akaondoa sahani. Mwalimu alilala na njaa usiku huo, na uliofuata pia. Aliambiwa ajihisi nyumbani na afungue friji apendavyo, lakini kwake mgeni kujipakulia jikoni kwa mwenyewe ni utovu wa adabu. Hakuna aliyekosa hapo. Kila mmoja alizungumza lugha ya ukarimu aliyoijua.

Katika nyumba ya pili alibadili mwenendo. Jioni ya kwanza, baada ya kula, alisimama na kuomba akaushe vyombo. Mwenye nyumba alisita, kisha akampa kitambaa. Ilibainika kwamba bwana yule alikuwa mjumbe wa bodi ya shule ya mji wao. Huku mmoja akiosha na mwingine akikausha, alimweleza jinsi wakazi wanavyowachagua wajumbe hao kwa kura, jinsi walimu wanavyoajiriwa na mamlaka ya shule ya eneo lenyewe, na ugomvi unaozuka kila bajeti inapojadiliwa. Mwalimu wangu, mwajiriwa wa Tume ya Huduma kwa Walimu inayoajiri walimu wa shule za umma nchini kote, hakuwa amefikiria kwamba mambo yangeweza kupangwa hivyo. Alikuwa amezuru shule mbili mchana huo na kuonyeshwa maktaba na viwanja. Hakuna aliyemweleza hayo. Aliniambia, "Shule niliiona mchana, lakini niliielewa usiku, kitambaa mkononi."

Maandalizi ya msafiri

Mwanafunzi wa Kiswahili anayejiandaa kwa safari kama hii ana mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, asisubiri siku ya tatu; aombe jembe siku ya kwanza, liwe kuosha vyombo, kupika au kumtembeza mbwa. Pili, aulize waziwazi yale ambayo kwao hayaulizwi: chakula huliwa saa ngapi, na ni kipi anachoruhusiwa kugusa. Tatu, abebe zawadi anayoweza kuieleza. Leso yenye jina, kwa mfano, humpa mwenyeji fursa ya kuuliza, na mgeni fursa ya kufunza lugha yake.

Marejeo

Tatizo la mwisho humngoja msafiri nyumbani. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anatusimulia kuhusu wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali, wakarejea na mambo ya manufaa, na wakatupwa gerezani. Mwalimu wangu hakufungwa. Hata hivyo, alipopendekeza katika kikao cha walimu kwamba wazazi waelezwe kwa uwazi zaidi matumizi ya fedha za shule, aliambiwa kwamba amerudi na Umarekani. Alinyamaza. Muhula uliofuata alianza na lililokuwa mikononi mwake: aliwaalika wazazi darasani mwake Ijumaa moja wawasikilize watoto wao wakighani mashairi. Walikuja wanane. Mmoja wao aliuliza kwa nini vitabu ni vichache, na swali hilo likafika kwa mwalimu mkuu kupitia kinywa cha mzazi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba methali ya mgeni na jembe inaweza kuwa mwongozo wa safari za kitaaluma. Thamani ya kukaa katika familia haitokani na kitanda wala karamu, bali na kazi inayofanywa pamoja. Na msafiri anaporejea kwao huwa mgeni tena kwa muda. Huko nako hana budi kushika jembe kabla ya kusema shamba lilimwe vipi.