Kabla ya Kuongeza Kifurushi, Itazamwe Ruta

Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mkazi wa Bariadi kupanga foleni ofisini sasa huombwa kwa njia ya mtandao. Mfanyabiashara huomba leseni kupitia Mfumo wa TAUSI, na kijana anayekwenda chuo kikuu hutuma kwa mtandao maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Maombi ya mkopo yana siku ya mwisho. Intaneti ya nyumbani ikisuasua usiku wa siku hiyo, mwanafunzi anaweza kupoteza nafasi ya mwaka mzima.

Familia inapoona intaneti imekuwa nzito, huelekea kununua kifurushi kikubwa zaidi. Fedha hiyo inaweza kwenda bure ikiwa kasoro haiko kwenye kifurushi.

Safari mbili za intaneti

Intaneti huifikia simu kwa safari mbili. Ya kwanza hutoka kwa mtoa huduma hadi kwenye ruta, ama kwa waya wa faiba, ama kutoka mnara wa simu kupitia laini iliyowekwa ndani ya ruta. Ya pili hutoka kwenye ruta hadi kwenye simu au kompyuta kwa mawimbi ya redio. Hiyo ndiyo Wi-Fi. Kifurushi kinahusu safari ya kwanza tu. Kuta za matofali, mabati na makabati ya chuma hudhoofisha safari ya pili.

Kupima ni rahisi. Mkazi ahakikishe kwanza kwamba kifurushi hakijaisha, kisha asimame hatua mbili kutoka kwenye ruta na kufungua ukurasa wowote. Baadaye aurudie ukurasa mwingine akiwa chumba cha mbali. Ukifunguka haraka karibu na kukwama mbali, tatizo liko ndani ya nyumba. Ukikwama kote, azime ruta kwa nusu dakika na kuiwasha tena. Hali isipobadilika, huenda tatizo liko nje. Ndivyo ilivyokuwa Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, kifurushi kikubwa hakisaidii.

Mahali pa kuiweka

Ruta ya waya wa faiba ikae katikati ya nyumba, juu ya meza au rafu, mbali na friji, runinga na kabati la chuma. Isifichwe nyuma ya sofa wala kuwekwa sakafuni. Ruta inayotumia laini ya simu ni tofauti: inapaswa kukaa karibu na dirisha linaloelekea upande wa mnara, kwa sababu paa la bati na nondo za madirisha hupunguza mawimbi yanayoingia. Mkazi aijaribu katika madirisha mawili au matatu na kuchagua penye alama nyingi za mtandao.

Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini hufifia upesi. Aliye sebuleni karibu na ruta atumie 5, na aliye chumba cha nyuma atumie 2.4.

Ulinzi

Nenosiri lililobandikwa kwenye ruta libadilishwe, na usalama uwekwe WPA2 au WPA3. Kila anayelijua nenosiri hutumia kifurushi hicho hicho, hata akiwa nje ya uzio. Wakati wa mvua za radi, ruta ichomolewe kwenye umeme.

Baada ya hatua hizo, kama huduma bado ni hafifu, mkazi aandike siku, saa na aina ya tatizo, kisha apeleke malalamiko kwa mtoa huduma wake na kutunza namba ya malalamiko hayo. Asiporidhika na majibu, ana haki ya kuyafikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), yenye ofisi ya kanda jijini Mwanza. Na kwa maombi yenye siku ya mwisho, yasisubiri usiku wa mwisho.